Chumba cha Kuanzia

Dalali wa vyumba anayeijua kazi yake hakupeleki kwenye chumba kizuri kwanza. Akikupeleka kizuri utakitia dosari, utataka uone kingine, na jioni utakuwa umemmaliza miguu na hujapanga kitu. Anakuanzishia kibaya. Unatoka humo koo limekauka na yale maringo uliyokuja nayo asubuhi yamekwisha. Cha pili anakupeleka chenye kodi ya kukutoa jasho. Ndipo cha tatu, kile alichokukusudia tangu mlipopeana mikono, unakiona kama mtu aliyeonyeshwa kivuli saa saba mchana. Na unaondoka ukijisifu kwamba umechagua mwenyewe.

"Mtu hapangi chumba," Funguo alikuwa akiwaambia madalali wenzake. "Anapanga kukikimbia cha kwanza."

Funguo ni jina alilopewa na mtaa, kwa sababu ya kishada kilichoning'inia kiunoni mwake. Nusu ya funguo zile zilikuwa za milango iliyobadilishwa vitasa zamani, lakini hakuzitoa. Zikigongana anapotembea, mteja anajiona yuko na mtu mwenye milango mingi.

Kazi hiyo ilikuwa na mkosi mmoja tu: chumba kibaya nacho hupangwa. Mji ule haukuwa na shimo lisilopata mwenyewe. Leo una chumba kinachovuja pembe zote nne, unakitegemea. Kesho unamleta mteja unakuta pazia mlangoni, masufuria nje na mtoto anakukodolea macho. Mara tatu Funguo alinyang'anywa chumba cha kuanzia namna hiyo. Mara ya nne akapata akili ambayo dalali mwingine hakuwa nayo. Akaanza kuonyesha chumba chake mwenyewe, anamolala na mkewe. Chumba chenye watu ndani hakipangwi. Ukikionyesha leo, kesho utakikuta hapo hapo.

Akakionyesha kwa miaka kumi na moja.

"Karibu mama, inamisha kichwa, mlango huu haujali urefu wa mtu," angesema, naye akiinama bila kutazama. "Hapo uliposimama ndiyo sebule. Hatua moja mbele, hapo ni chumbani. Pazia ndilo linalotenganisha, sitaki kukudanganya. Dirisha ni hilo, halifunguki, na likifunguka utauona ukuta. Nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga nafaka. Inaanza alfajiri, inanyamaza jua likizama. Weka kiganja hapa. Umesikia?"

Mteja angeweka kiganja ukutani na kusikia ukuta ukitetemeka kama mgonjwa wa homa. Juu ya rafu vikombe vilikuwa vikitembea. Funguo alikuwa amepigilia ubao mwembamba ukingoni ili visianguke, na ubao huo nao aliutumia kazini: "Unaona? Hapa hata vikombe vinataka kuhama."

Kisha vumbi la unga. Lilipenya juu, palipoachwa nafasi kati ya ukuta na bati, likatua kwenye chandarua, kwenye nguo na vichwani. "Humu mtu anaota mvi kwa wiki mbili," angesema. Kisha bomba la uani, lililotoa maji Jumatatu na Alhamisi, mengine yakawa ya kuomba. Kisha choo, kimoja kwa milango sita, kisicho na komeo. "Ukiwa ndani unakohoa. Ukinyamaza utaingiliwa. Jirani mmoja alishikwa na mafua ya kweli, watu wakadhani amehamia chooni."

Wateja walicheka, wakatoka haraka, na Funguo akawapeleka kwingine.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mpaka mumewe naye akamwita hivyo. Alishonea barazani, mlangoni kabisa mwa chumba. Funguo akija na mteja alikuwa akimpita kama mtu asiyemjua. "Hawa wapangaji wanatoka mwisho wa mwezi," angemwambia mteja, na Fundi angetikisa kichwa kukubali huku mguu uko kwenye pedali. Wengine, kwa uungwana, walimuuliza, "Mnahamia wapi, dada?"

Miaka ya mwanzo hilo ndilo lililokuwa tamasha lao. Fundi aliwajibu kila mmoja lake. Mmoja aliambiwa wanahamia kwa shemeji mwenye ghorofa. Mwingine aliambiwa nyumba yao imeshaisha, wanangoja bati. Mwingine aliambiwa mume amepata kazi melini na yeye anakwenda kuwa nahodha. Jioni walikula wakicheka mpaka mabinti zao wawili, waliokuwa wadogo wakati huo, wakauliza baba anacheka nini.

Mabinti wakakua, wakaolewa, wakaondoka. Majibu ya Fundi nayo yakawa mafupi. "Mnahamia wapi, dada?" "Penye kimya." Na mwaka wa kumi na moja wote hakuwa na jibu lingine. Funguo hakutambua. Alikuwa amekwisha fika mlangoni, anamhimiza mteja wa watu, maana miguu ilikuwa ikimuuma na vyumba vingine viwili vilikuwa mbele.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Kutwa nzima alikuwa akipanda ngazi za watu, akifungua madirisha ya watu, akisifia hewa ya watu. Seremala akitoka kazini anaiacha kazi kwenye karakana. Yeye aliileta mpaka kitandani. Alipokaa kwenye ukingo wa godoro jioni kuvua viatu, sauti iliyokuwa imebaki chumbani ilikuwa yake mwenyewe, ikieleza jinsi dirisha lisivyofunguka. Mwaka wa kwanza dirisha lile halikumsumbua hata kidogo. Alilisema mara elfu mbili ndipo likaanza kumbana kifua. Mtu akiitukana sahani yake kila siku, asishangae chakula kikikosa chumvi.

Basi siku ya Jumanne akaja yule mama.

Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, amevaa viatu vya mpira visivyo na sauti, mkoba umekaa kwenye kiwiko. Alikuwa ameuguza wagonjwa miaka thelathini na minne, sasa amestaafu, na alikuwa akiishi kwa mpwa wake, ambako, kwa maneno yake, watoto walikuwa wanne na runinga mbili. Watu walimwita Sista, kama wanavyoitwa wauguzi. Hakusalimia chumba kama wateja wengine. Alikipima. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akanusa, akainama kuchungulia chini ya kitanda, akanyanyuka akishika goti.

Funguo akatundika koti lake, akaanza. Kizingiti, pazia, dirisha, mashine.

"Inanguruma mpaka saa ngapi?" Sista akauliza.

"Mpaka jua lizame, mama. Kichwa kitakuuma, sikufichi."

"Sikio langu la kushoto lilistaafu kabla yangu. Na hili la kulia nitalilalia."

Funguo akacheka. "Hewa nayo hakuna. Dirisha linatazama ukuta."

"Mwizi naye ataukuta ukuta huo huo. Na hewa ipo, inapita pale juu. Wewe bwana dalali, nyumba unayoionyesha huijui?"

"Vumbi la unga, mama..."

"Nimevuta dawa ya kuoshea sakafu za wodi tangu ni msichana. Unga ni chakula."

"Choo ni kimoja kwa milango sita."

"Kwetu kilikuwa kimoja kwa vitanda arobaini, na nusu yao wanaharisha." Sista akatoka barazani, akamtazama Fundi na cherehani yake. "Mnahamia wapi, mdogo wangu?"

"Penye kimya, dada."

"Mwisho wa mwezi?"

Fundi akamtazama mumewe, kisha akatikisa kichwa kukubali, kama kawaida.

Funguo alidhani amepata mteja mcheshi. Akampeleka cha pili, kile cha kutisha, na Sista akaicheka kodi yake hadharani. Akampeleka cha tatu, ghorofa ya pili, maji ndani, dirisha linalotazama barabara. Sista aliishia kwenye ngazi ya saba. Akakaa hapo hapo, akapangusa uso.

"Mimi na ngazi tulishapeana talaka," akasema. "Nataka kile cha kwanza."

"Cha kwanza?" Funguo akajifanya anatafuta ufunguo kwenye kishada. "Ah, kile, mama... kile nimekumbuka, kimeahidiwa mtu."

"Saa moja iliyopita kilikuwa wazi."

"Ndiyo hivyo mji huu ulivyo. Vyumba havikai."

Sista akamtazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayesema amekunywa dawa na kidonge kiko chini ya ulimi. Hakubishana. Akampa pesa yake ya kuzungusha wateja, akamshukuru, akashuka akishikilia ukuta. Funguo akashusha pumzi, akasema moyoni: limepita.

Halikupita. Alhamisi asubuhi aliitwa na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa fundi saa. Milango yake sita alikuwa ameijenga mmoja mmoja, kwa saa za watu, miaka ishirini, na kila tofali alilikumbuka. Alishinda kwenye kibanda chake kando ya soko, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, na hakukitoa hata akizungumza na mtu. Mtaa ulimwita Mzee Saa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuhesabu meno ya gurudumu kabla ya kukuambia habari za asubuhi.

"Kaa," akasema. "Nasikia unahama."

"Shikamoo mzee. Nani kakwambia?"

"Marahaba. Wewe."

"Mimi?"

"Juzi alikuja mama mmoja, muuguzi. Kauliza majirani nyumba ni ya nani, wakamleta hapa. Kaniambia: dalali mwenye funguo kiunoni kanionyesha chumba, kasema mpangaji anatoka mwisho wa mwezi, na mke mwenyewe nimemuuliza, kakubali. Nikasema mbona mpangaji hajaniaga? Nikauliza mlango wa pili, nikauliza wa tano. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakaniambia, mzee, Funguo anahama kila wiki, huu mwaka wa kumi na moja."

"Mzee wangu, yale ni maneno ya kazi tu. Hayana uzito."

Mzee Saa akapuliza vumbi kwenye tumbo la saa. "Mwaka juzi chumba cha kando yako kilikaa wazi miezi mitano. Miezi mitano, katika mji huu! Nilipaka rangi. Nilibadilisha mlango. Nilikaribia kumwita mtu aje akisomee, nikidhani nyumba yangu ina jini. Kumbe jini lina kishada cha funguo na linalala mlango wa tatu."

Funguo akasogeza kiti mbele.

"Mzee, tuzungumze kodi. Naweza kuongeza kidogo."

"Yule mama keshaweka miezi sita mezani. Umeaga wewe mwenyewe, mbele ya mashahidi, mara mia. Mimi ndiye wa mwisho kuambiwa, na sikukasirika. Mwisho wa mwezi, mwanangu. Mara hii uhame kweli."

Kurudi nyumbani alirudi akijipa moyo. Nani katika mji ule alijua vyumba kuliko yeye? Vyumba vilimjaa kichwani kama mbegu kwenye papai. Zingemtosha asubuhi mbili za kutafuta na jioni moja ya kubeba. Alichokuwa akikiogopa hasa ni kile kitanda. Kilikuwa cha mbao nzito, kilikuwa kimeingia kwa watu wanne, na yeye hakuwa tena na mgongo wa siku zile.

Alimkuta Fundi barazani na suruali ya mtu mapajani. Akamweleza kwa mkato, kwa sauti ya kazini, ile ya kupunguza mambo.

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. "Na hawa?"

"Akina nani?"

Fundi akaonyesha kwa kidevu. Kando ya baraza, kuanzia mlango wa mashine ya kusaga mpaka karibu na bomba, kulikuwa na foleni. Wanawake saba, wanaume wawili, ndoo na magunia miguuni. Mmoja alikuwa ameegemea nguzo ya baraza lao, anapiga soga na Fundi.

"Hawa wamekuja kusaga," Funguo akasema.

"Eh! Umeona sasa?" Fundi akamwambia yule wa nguzoni. "Huyu ndiye mume wangu. Anaonyesha watu nyumba." Kisha akamgeukia. "Baba watoto, unadhani miaka yote nashonea nani? Mtu anakuja na nafaka yake, foleni ndefu, anakumbuka zipu ya mwanawe imekufa. Kesho anakuja na nafaka yake ya kusaga na suruali ya kushona. Akija kuchukua hiki anachukua na kile. Mimi sina kibao, sina duka, hakuna anayejua jina langu. Nina foleni. Ile mashine unayowaambia watu ni balaa, ndiyo iliyonunua sare za shule za wanao. Nikikaa mtaa mwingine nitamshonea nani, kuku?"

Yule wa nguzoni akaangua kicheko. Funguo akatazama foleni. Kila siku alikuwa akiipita akisema "samahani jamani, tupishe na mteja", na hakuwahi kuiona isipokuwa kama dosari nyingine kwenye orodha yake. Alikuwa ameuza sifa za vyumba vya watu kwa robo ya umri wake, na sifa moja ya chumba chake, ambayo ilikuwa ikimlisha, alikuwa ameitangaza kama ugonjwa.

Hapo ndipo alipojua kinachoondoka. Kitanda kilikuwa kitu kidogo. Wakitoka pale, mkewe anapoteza kazi.

Kesho yake alikwenda kumtafuta Sista kwa mpwa wake. Alimkuta amekaa kibarazani, runinga zote mbili zinalia ndani, watoto wanagombania kiatu. Akamwambia amepata vyumba viwili vya chini, visivyo na ngazi, na safari hii hachukui hata ndururu. Sista akachukua mkoba wake.

Cha kwanza kilikuwa kizuri. Sista akasimama katikati, akasema, "Humu kuna unyevu. Wamepaka rangi juu ya unyevu, kama kumpaka poda mwenye surua." Na ilikuwa kweli. Funguo mwenyewe ndiye aliyemshauri mwenye nyumba apake. Cha pili kilikuwa kizuri zaidi. Sista akauliza kwa nini kimekaa wazi, Funguo akaanza maelezo, Sista akamsimamisha kwa kiganja: "Usinichoshe, nimezoea kudanganywa na madaktari."

Wakabaki wamesimama uani pa watu, jua linachoma. Funguo akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwahi kukaa mbele ya mteja.

"Mama, nikwambie kweli. Kile chumba ni changu. Ninalala mle."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulipoingia ulitundika koti kwenye msumari, na macho yako yakiwa kwangu. Mtu akiingia chumba cha wengine hatundiki koti. Na akitundika, msumari anautafuta."

"Sasa kama ulijua, mama, mbona umekwenda kwa mwenye nyumba?"

"Nilijua ni chako. Sikujua unakitaka. Wewe ulivyokisema chumba kile! Nikajiambia, huyu kaka anateseka humu, atakayemtoa atapata thawabu." Akacheka, kisha akamtazama vizuri. "Haya, nisikie. Una nini mle?"

Funguo akafungua mdomo. Yakaja yale yale: dirisha, ukuta, unga. Ulimi ulikuwa umefanya njia na haukujua kupita kwingine.

"Mke wangu anashonea barazani," akasema mwishowe. "Wateja wake ni wa foleni ya mashine."

"Hilo ni la kwake. Nakuuliza la kwako."

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akimwaga maji. Funguo akasikiliza mpaka yakaisha.

"Nimechoka, mama," akasema. "Sitaki kubeba kitanda tena. Ndilo nililonalo."

"Hiyo ni sababu ya kweli," Sista akasema. "Nimewasikia wengi wakiisema, na wengine walikuwa wadogo kuliko wewe. Lakini haitoshi kumwachia mtu chumba kisicho na ngazi." Akapandisha mkoba kwenye kiwiko. "Nenda nyumbani, kaka yangu. Zungumza na mkeo. Mimi na yeye tulishamaliza jana."

"Mlimaliza nini?"

"Nenda."

Njia nzima alikuwa akihesabu kama dalali anavyohesabu: nani amesogea, nani amekubali nini, yeye amebaki na nini mkononi. Hakuona kitu mkononi. Alipofika, Fundi alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Umemuona?" Fundi akauliza.

"Nimemuona. Mmepatana nini nyie wawili?"

Fundi akamweleza bila kuacha kazi. Sista alikuwa amekuja jana mchana, wakati Funguo yuko kwenye ngazi za watu. Alikuja kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Fundi akamwekea kiti. Chumba Sista achukue. Baraza libaki la Fundi: cherehani ishinde pale pale, na jioni ilale ndani kwa Sista, nyuma ya mlango. Kwa malipo ya hayo, Jumatatu na Alhamisi Fundi atamtekea maji, ndoo nne, maana magoti ya Sista hayabebi, na mapazia yote atashona yeye. Sista alitaka ndoo sita. Wakagawana zikawa tano.

"Na Mzee Saa?"

"Nilipita kibandani kwake. Kasema yeye anapangisha chumba, nani anakaa barazani ni shauri ya mpangaji. Mradi kodi yake imelala salama."

Funguo akakaa kwenye ukingo wa baraza. Ilikuwa biashara safi, angeisifu kama ingekuwa ya mtu mwingine: kila mmoja ameondoka na alichokitaka na kidonda kidogo cha kumkumbusha. "Na sisi tutalala wapi? Nimeshawaza vyumba vitatu..."

"Nimeshapata."

"Umepata? Kwa dalali gani?" Sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka.

"Kwa mama mmoja wa foleni. Nyumba ya dada yake, nyuma ya ghala la magodoro. Dakika ishirini kwa mguu."

"Fundi, mimi ni dalali! Mume wako ni dalali! Watu watasemaje? Kwa nini hukuniambia mimi nikutafutie?"

"Wewe ungenianzishia kibaya."

Foleni nzima ikacheka. Hata mwenye mashine alichungulia, uso mweupe wa unga, akauliza kuna nini. Funguo naye akacheka kidogo, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukasirika. Kicheko kilipopungua, Fundi akainama kama anayetafuta sindano, akasema kwa sauti ya watu wawili:

"Watu mia ngapi wameniuliza nahamia wapi? Wageni, hata jina langu hawalijui. Mimi nikasema, siku moja na yeye ataniuliza. Nimechoka kulala na mashine kichwani, Baba watoto. Mchana nipe, ndiyo riziki. Lakini alfajiri, nikiwa nimeshona mchana kutwa, nataka saa mbili za kulala."

"Ungesema."

"Nilikuwa nasema. Mbele yako. Penye kimya."

Funguo akaushika mguu wake, akaanza kuukanda kisigino.

Walihama tarehe ishirini na tisa, kwa mkokoteni mmoja na safari mbili. Kitanda kilitoka kwa watu watano, mmoja zaidi ya walioingia nacho, na Funguo alikuwa wa pembe ya miguuni, akisimama kila baada ya nyumba kumi kama punda mzee. Sista alisimama mlangoni akielekeza kama anayehamisha mgonjwa: "Inua kichwa. Taratibu. Msimgonge." Alikuwa ameshaleta kiti chake kimoja, na alikaa ndani hata kabla godoro lao halijafika barabarani.

Huko nyuma ya ghala, Fundi ndiye aliyefungua mlango. Akatangulia ndani, Funguo nyuma yake, akipepesa macho.

"Sakafu imepasuka pale, usiweke stuli," Fundi akasema. "Pembe hii inavuja mvua ikiwa ya upepo, mwenye nyumba ameahidi bati, tusimtegemee. Choo ni kwa milango mitatu na kina komeo. Maji ni kila siku lakini ni ya kisima, hayatoi povu. Jirani wa kulia ana kifua, utamsikia. Dirisha linafunguka." Akalifungua. Nje kulikuwa na uchochoro, kamba za nguo, ukuta mrefu wa ghala. "Kwenda barazani dakika ishirini, kurudi dakika ishirini, na ndoo tano mara mbili kwa wiki. Hiyo ndiyo bei yake. Nimeipima, naiweza."

Funguo akasimama katikati ya chumba. Alingoja asikie kitu, ukuta, kikombe, chochote. Kwa mbali mtu alikohoa. Basi.

"Na wewe utapaweza?" Fundi akauliza.

Lilikuwa swali lililonyooka, na akatafuta jibu lililonyooka. Ulimi ukaanza kuandaa dosari, kwa mazoea. Ukakuta mkewe amekwisha zimaliza zote, na hakuna iliyobaki ya kusema.

"Sijui," akasema. "Sijui mtu anajuaje."

"Utakaa, utajua." Fundi akatazama jua mlangoni. "Mimi naondoka, leo foleni ni ndefu, kesho ni sikukuu ya shule na watu wana sare zao kwangu. Funga kitanda. Misumari iko kwenye kopo."

Akaondoka. Funguo akasikia kandambili zake mpaka mwisho wa uchochoro, ambazo kule asingezisikia hata hatua tatu. Akachukua kopo la misumari, akatazama mbao nne za kitanda, kilichokuwa kimefunguliwa ili kipite mlangoni, zilizoegemezwa ukutani, akatazama mikono yake. Simu ikalia mfukoni. Mteja, bila shaka, anatafuta chumba. Akaiacha ilie mpaka ikachoka. Kisha akavuta godoro katikati ya sakafu, mbali na ufa, akalala na viatu vyake miguuni na funguo zikimchoma ubavu, saa nne ya asubuhi.

Fundi aliporudi jioni alikuta mbao bado ziko ukutani. Akamvua viatu, akajilaza upande ule mwingine.